Kauli Moja, Kura au Uamuzi wa Mmoja: Ulinganisho kwa Wanaofanya Biashara Pamoja

Watu wanapochanga mtaji pamoja, mambo ya mwanzo wanayoyaandika katika katiba ya kikundi huwa ni kiasi cha mchango, siku ya mkutano na faini ya anayechelewa. Namna ya kufikia uamuzi huachwa kwa imani kwamba watu wanaojuana hawatashindwa kuelewana, na imani hiyo hudumu muda wote ambao fedha ni kidogo. Siku mfuko unapotosha kununua kitu kikubwa, kama kiwanja Mtwapa, gari la mizigo au chumba cha duka karibu na soko la Kongowea, ndipo inapobainika kwamba kila mwanachama alikuja na desturi yake: mmoja alidhani ni wengi wape, mwingine alidhani hakuna litakalopita bila yeye kuridhia, na mwenyekiti alidhani kazi ya wenzake ni kutoa maoni kisha yeye akate shauri.

Makala haya yanazilinganisha njia hizo tatu kwa ajili ya wale wanaotaka kuchagua mapema: vikundi vya akiba, maduka ya familia, vyama vidogo vya ushirika, na wabia wawili watatu wanaoanza kazi pamoja hapa Mombasa. Msimamo wangu nautanguliza ili msomaji aupime njiani. Kabla ya kuuliza kikundi kinapenda njia gani, ni lazima kuuliza kama uamuzi ulio mezani unaweza kurudishwa nyuma bila hasara kubwa, na ni nani watakaobeba hasara hiyo ukienda kombo. Kikundi kimoja kinaweza kuhitaji njia zote tatu ndani ya mwezi mmoja, na hakuna ubaya wowote katika hilo mradi kila mtu anajua ni ipi inayotumika siku hiyo.

Njia zenyewe

Kuafikiana maana yake ni kwamba jambo halipiti mpaka kila mwenye sauti ameliridhia, au angalau ametamka wazi kwamba halizuii. Kura ni hesabu: upande wenye wengi, kwa kiwango kilichowekwa, ndio unaopita, na uliobaki unatakiwa kuufuata. Njia ya tatu ni mtu mmoja aliyepewa mamlaka kuamua baada ya kuwasikiliza wenzake, naye ndiye anayeulizwa mambo yakiharibika.

Kosa ninaloliona mara nyingi katika vikundi vyetu ni kuichukua njia ya tatu na kuipa jina la ile ya kwanza. Mwenyekiti huwaita watu, huwasikiliza kwa adabu, kisha hutangaza alichokuwa amekusudia tangu nyumbani, na katibu huandika kwamba kikundi kimekubaliana kwa kauli moja. Kushauriana ni jambo tukufu, na watu wa pwani hawahitaji kufundishwa utukufu wake: aya ya 38 ya Suratu Shura inawasifu waumini ambao mambo yao huendeshwa kwa mashauriano, na aya ya 159 ya Suratu Aal Imran inamwamrisha Mtume ashauriane na wenzake, kisha akishaazimia amtegemee Mwenyezi Mungu. Katika aya hiyo ya pili mashauriano ni ya wengi, ila anayeambiwa aazimie ni mmoja. Anayeamua hivyo katika biashara aseme hivyo. Akiwafanya wenzake waamini kwamba walikuwa na haki ya kuzuia jambo ambalo hawakuwa na haki ya kulizuia, atakuwa amewanyima mashauriano na maafikiano kwa pamoja.

Mkutano wa wauza samaki

Nguvu ya kuafikiana ni rahisi kuitaja na ni vigumu kuionyesha, kwa hiyo nitaeleza mkutano mmoja niliohudhuria nikiombwa kuandika kumbukumbu. Kilikuwa kikundi cha akina mama wanaonunua samaki Gazi, Msambweni na Shimoni, wakawavusha Likoni na kuwauza upande wa kisiwani. Hoja iliyokuwa mezani ni kuchukua mkopo wanunue pikapu yenye sanduku la barafu, kwa sababu nauli ya kukodi gari ilikuwa ikila faida, na kila foleni ya feri ilipokuwa ndefu barafu ilikwisha kabla ya samaki kufika. Ulikuwa msimu wa kaskazi, bahari imetulia, nguru na changu wanapatikana kwa wingi, na karibu kila aliyezungumza alizungumza kama mtu aliyekwisha kuliona gari limeegeshwa mlangoni.

Mwenyekiti hakuuliza kama kuna mwenye pingamizi. Alimpa kila mmoja zamu yake, akaanzia upande wa walio wadogo kwa umri. Zamu ilipomfikia mama mmoja mwenye hisa chache kuliko wote, ambaye mpaka hapo alikuwa amejiinamia akikunja na kukunjua pindo la leso yake, alisema maneno machache sana: "Mimi gari silikatai. Nauliza tu, kusi ikiingia na vyombo vikilala, marejesho tutalipa kwa samaki gani?"

Bi mkubwa aliyeketi karibu naye akamwambia, "Mwanangu, hebu rudia, tukusikie sote." Akarudia.

Kila aliyekuwepo alijua kwamba kuanzia mwezi wa Aprili hivi mpaka Septemba upepo wa kusi huchafua bahari, na kwamba wavuvi wenye vyombo vidogo hukaa siku nyingi bila kutoka nje ya mwamba. Walilijua hilo tangu utotoni. Hata hivyo hesabu iliyokuwa mezani ilikuwa imechukua mauzo ya miezi mizuri na kuyazidisha mara kumi na mbili, na benki ilitaka kiasi kilekile kila mwezi, kaskazi na kusi. Hoja haikupita siku ile. Ilirudi katika mkutano uliofuata ikiwa na sura nyingine: wataendelea kukodi, lakini kwa mapatano ya mwezi na dereva mmoja badala ya kulipa kwa safari, watanunua friji mbili za kugandisha zilizotumika kwa fedha zao wenyewe, na suala la mkopo litafunguliwa tena baada ya kuandika mauzo ya kusi moja nzima. Pendekezo hilo halikuwa la mtu yeyote mmoja miongoni mwa walioingia chumbani mara ya kwanza.

Kama wangepiga kura siku ya kwanza, hoja ya gari ingepita kwa kura zote kasoro moja, na ile moja ndiyo iliyokuwa na taarifa iliyohitajika. Hapo ndipo maafikiano yanapoizidi kura kwa mbali. Katika kura, anayepinga huhesabiwa kisha hufunikwa. Katika maafikiano, anayepinga ni lazima ajibiwe, na katika kutafuta jibu lake pendekezo lenyewe huboreshwa.

Ukimya si ridhaa

Mkutano ule ungeweza kwenda vibaya kwa urahisi. Lau mwenyekiti angeuliza kwa jumla kama wote wamekubali, yule mama angenyamaza, na kumbukumbu zingeandikwa kauli moja. Katika mikutano yetu mdogo hapendi kumpinga mkubwa hadharani, mwenye hisa chache humstahi mwenye hisa nyingi, na mgeni katika kikundi huona haya kuwa wa kwanza kuharibu furaha ya wenzake. Ni adabu njema nyumbani. Katika mkutano wa fedha huwa ni njia ya hasara.

Wala si tabia ya pwani peke yake. Katika majaribio aliyochapisha mwaka 1951, mwanasaikolojia Solomon Asch wa Marekani aliwaweka watu chumbani wakalinganisha urefu wa mistari, swali ambalo jibu lake lilionekana wazi kwa macho. Wengine wote waliokuwemo chumbani walikuwa wamepangwa mapema watoe jibu la kosa kwa sauti moja. Takriban robo tatu ya waliojaribiwa walilifuata kosa hilo angalau mara moja, ingawa macho yao yaliwaambia vingine. Alipowekwa mtu mmoja tu aliyetoa jibu la kweli, idadi ya waliofuata kosa ilishuka sana. Kikundi kinachotaka kuafikiana kwa haki kinapaswa kulitumia somo hilo moja kwa moja: mmoja akishasema wazi "mimi nina shaka", wengine hupata pumzi ya kusema zao. Ndiyo sababu zamu zianzie kwa wadogo na wenye hisa chache, na mwenyekiti asitoe rai yake mpaka mwisho.

Gharama ya kuafikiana

Sitaki msomaji adhani kwamba njia hii ni bora kila mahali. Gharama yake ya kwanza ni muda. Watu kumi wakikaa saa tatu, biashara imepoteza saa thelathini za kazi, na wengi wa wanachama wetu ni watu ambao asubuhi moja wakiwa mbali na meza zao Marikiti ni wateja waliokwenda kwa jirani. Katika kampuni nyingi za Japani ambako pendekezo la maandishi huzungushwa kutoka meza hadi meza likigongwa mihuri, baada ya wahusika kuonwa mmoja mmoja kimyakimya, uamuzi huchelewa lakini utekelezaji huwa mwepesi, kwa kuwa hakuna anayeshangazwa wala anayehitaji kubembelezwa baadaye. Wazee wetu hufanya yaleyale kabla ya posa, wakipita nyumba hii na ile ili siku ya kikao pasiwe na neno geni. Muda hautoweki, unahamishwa tu kutoka baada ya uamuzi kwenda kabla yake. Na pale ambapo utekelezaji unamhitaji kila mtu, kubadilishana huko kuna faida. Pale ambapo mtekelezaji ni mmoja, ni hasara tupu.

Gharama ya pili ni nzito zaidi, nayo ni kura ya turufu mikononi mwa mtu mmoja. Mfano mkubwa katika historia ni wa bunge la Poland, ambako tangu mwaka 1652 mjumbe mmoja aliweza kukivunja kikao chote kwa kutamka tu kwamba anapinga. Mataifa jirani yaliona ni nafuu kumhonga mjumbe mmoja kuliko kuishawishi nchi nzima, na shughuli za dola zikakwama kwa miongo mingi. Utaratibu huo ulifutwa na katiba ya tarehe 3 Mei 1791, wakati ambapo sehemu ya nchi ilikuwa imekwisha kumegwa na majirani hao. Katika kikundi cha watu kumi na wawili hakuna dola jirani, lakini yupo mwanachama mwenye duka lake pembeni ambaye kila pendekezo la kupanua biashara ya kikundi litapunguza wateja wake, na yupo anayezuia ili abembelezwe. Maafikiano yasiyo na kinga dhidi ya watu hao yatamfanya yule mgumu kuliko wote awe ndiye mkurugenzi wa biashara.

Kinga ninayoipendekeza ni kubadilisha swali. Mhandisi Gerard Endenburg wa Uholanzi, alipokuwa akiiongoza kampuni ya umeme ya familia yake, alijenga kuanzia miaka ya 1970 utaratibu ambao haukumtaka kila mtu alipende pendekezo. Ulimtaka kila mtu aseme kama ana pingamizi zito lenye sababu inayohusu kazi ya pamoja. Tofauti hiyo ni kubwa kuliko inavyoonekana. Anayesema "sijapendezwa" hazuii kitu. Anayesema "mkataba huu unatufunga miaka mitano na leseni yetu inahuishwa kila mwaka" amezuia, na amefanya vyema. Kwa hiyo mwanachama awe na majibu matatu ya kuchagua: nakubali, sikubaliani lakini sizuii, na jina langu liandikwe hivyo, au nazuia, na sababu yangu ni hii. Jibu la kati ndilo linalookoa mikutano mingi, kwa kuwa linamwezesha mtu kulinda heshima yake bila kuwashika wenzake.

Pale kura inapofaa zaidi

Kikundi kikizidi watu kama ishirini, kuafikiana kwa kila jambo huwa jina tu. Watu kumi husema, waliobaki husikiliza, na kinachoitwa kauli moja ni kauli ya wasemaji. Hapo kura ni ya haki zaidi, na vyama vya ushirika nchini Kenya vimejengwa juu yake: sheria ya vyama hivyo inampa kila mwanachama kura moja, awe na hisa nyingi au chache. Katika kampuni mambo ni tofauti, kwa kuwa kura kwa kawaida hufuata hisa. Sheria ya Kampuni ya Kenya ya mwaka 2015 hutosheka na wengi wa kawaida kwa maazimio ya kawaida, na hudai angalau asilimia 75 kwa maazimio maalumu. Msomaji aone mantiki iliyomo: hata sheria yenyewe, kadiri jambo linavyogusa misingi ya kampuni, inapandisha kiwango na kukaribia maafikiano bila kuyafikia.

Kura inafaa pia katika kuchagua viongozi, na hapa natilia mkazo kura ya siri. Kuwataka watu waafikiane hadharani juu ya mwekahazina wakati mgombea mwenyewe ameketi mbele yao ni kuwaonea, na kunyoosha mikono hakuna nafuu yoyote. Vilevile inafaa pale chaguo zote zinavumilika na hakuna la kuboresha kwa mjadala: rangi ya kibanda, siku ya mkutano, fulana za kikundi. Nimeona saa nzima ikipotea kwa mambo ya namna hiyo katika vikundi vilivyojiwekea sharti la kuafikiana kwa kila kitu, kisha mkopo ukapitishwa kwa dakika kumi kwa sababu watu wamechoka na magari ya Mshomoroni yanakaribia kujaa.

Udhaifu wa kura huonekana pale pengo linapokuwa dogo na mzigo ni wa wote. Watu sita wakiwashinda watano katika kununua kiwanja, wale watano hawatoki chumbani wakiwa wanunuzi wa kiwanja. Wanatoka wakiwa walioshindwa, na miezi inayofuata michango yao huanza kuchelewa, kila mmoja na udhuru wake. Kisheria wamefungwa na uamuzi, ila kikundi kinachoishi kwa michango ya hiari kinahitaji zaidi ya kifungo cha sheria. Isitoshe, katika ubia wa kawaida deni la biashara linaweza kumfuata mbia mpaka kwenye mali yake binafsi. Kumwingiza mtu katika deni la namna hiyo kwa kura ya mwenzake mmoja aliyezidi ni jambo ambalo mimi binafsi siwezi kulitetea.

Duka la familia, na uamuzi wa mmoja

Chukua duka la jumla la leso na kanzu katika Mtaa wa Biashara, lililoachwa na baba kwa watoto wake watano, watatu wakiwa hapa mjini, mmoja Nairobi na mmoja Maskati. Mwezi wa Shaaban mwenye bidhaa anapiga simu: robota kadhaa za leso zimefika, majina na rangi ni hizi, bei ni hii, na jibu linatakiwa kabla ya jioni kwa sababu wanunuzi wengine wanasubiri. Wateja wa Idd huanza kuingia Ramadhani ikiwa katikati. Familia ikisema kwamba kila ununuzi unaozidi kiasi fulani ni lazima watoto wote watano waafikiane, itaingia sokoni na rafu tupu, na upendo wao wa kidugu hautawarudishia msimu.

Hapa kaka au dada anayefungua duka kila asubuhi ndiye mwenye kujua mzigo uliobaki nyuma, rangi iliyokataliwa mwaka jana na mteja wa Lamu anayelipa kwa wakati. Apewe mamlaka, na mamlaka hayo yaandikwe: anaweza kununua mpaka kiasi kadha bila kuuliza, akizidisha hapo awapigie simu wawili, na kila mwisho wa mwezi alete hesabu. Kikomo hicho ndicho kinachoitofautisha njia ya tatu na ubabe. Ndugu wanaolalamika kwamba mmoja wao "anaamua peke yake" mara nyingi hawalalamikii uamuzi wa bidhaa hata kidogo; wanacholalamikia ni kwamba hawajawahi kuona daftari.

Lakini duka hilohilo likitaka kuwekwa rehani ili kukopa fedha za tawi jipya Nyali, mwenye funguo asiwe mwenye uamuzi. Jengo ni la wote, na hatimiliki ikishakwenda benki hairudishwi kwa kuomba radhi. Hapo wote watano waafikiane, wa Maskati akiwemo kwa simu, hata kama itachukua wiki tatu. Mgawanyo wa namna hii una umri mrefu. Sheria ya Ubia ya Uingereza ya mwaka 1890 iliweka kwamba wabia wasipokuwa na mapatano mengine, tofauti juu ya mambo ya kawaida ya biashara huamuliwa na walio wengi, ilhali aina ya biashara haibadilishwi wala mbia mpya haingizwi bila ridhaa ya wabia wote waliopo. Walioiandika walikuwa wameona ubia mwingi ukivunjika, na walijua ni wapi unapovunjikia.

Zikiwekwa bega kwa bega

Kwa kasi, uamuzi wa mmoja huongoza, kura hufuata, na maafikiano huwa ya mwisho. Kwa wepesi wa utekelezaji mpangilio hugeuka kabisa, kwa sababu aliyeridhia hahitaji kusukumwa. Kwa kufichua hatari iliyojificha, maafikiano yanayoendeshwa vyema hayana mpinzani, ilhali yanayoendeshwa vibaya ni hatari kuliko njia zote, kwa kuwa yanaficha shaka za watu chini ya muhuri wa kauli moja. Kura angalau huacha rekodi kwamba wanne walikataa. Kuhusu uwajibikaji, uamuzi wa mmoja una jina la mtu. Kura ina hesabu. Maafikiano huweza kuwa kichaka ambamo kila mtu hujificha akisema "tulikubaliana sote", na dawa yake ni kuandika katika kila uamuzi ni nani atakayetekeleza na kufikia tarehe gani.

Maswali manne yatamsaidia msomaji kupanga jambo lake. Je, likiharibika linaweza kurekebishwa ndani ya mwezi au miwili? Kama ndiyo, mpe mmoja alifanye na alete taarifa. Je, linamtaka kila mwanachama atoe fedha zake, jina lake au dhamana yake? Kama ndiyo, waafikiane. Je, watu ni wengi kiasi kwamba haiwezekani kila mmoja apate zamu kabla ya adhana ya magharibi? Wapige kura, au wateue kamati ndogo iafikiane kisha ilete pendekezo lipigiwe kura. Je, linamhusu mtu aliyemo chumbani? Kura ya siri. Maswali mawili yakigongana, kama vile chama chenye wanachama mia moja kinachotaka kuuza kiwanja chake cha pekee, ningeegemea upande wa kutorudishika: kura ipigwe, lakini kiwango kiwe robo tatu au zaidi, na mikutano ya kujadili itangulie.

Kwa waliochagua kuafikiana

Watakaoamua kwamba mikopo, ardhi, mbia mpya na kufunga biashara vitahitaji kauli moja, wayaandike mambo machache katika katiba yao wakati bado wanapendana. Pendekezo lifike kwa maandishi siku kadhaa kabla ya mkutano, likiwa na hesabu zake, ili hakuna anayelisikia mara ya kwanza akiwa ameketi. Asiyehudhuria bila udhuru asiwe na haki ya kuzuia baadaye, na akidi iwe kubwa kwa mambo hayo kuliko kwa mikutano ya kawaida. Anayezuia aseme sababu na ajiunge na wawili wengine kutafuta pendekezo mbadala kabla ya mkutano ujao. Kuzuia kuwe na kazi ndani yake.

Maneno ya uamuzi yaandikwe na kusomwa hapohapo. Waumini wa Quaker, ambao Kenya wapo kwa wingi hasa Magharibi tangu misheni ya Kaimosi ilipoanzishwa mwaka 1902, huendesha mikutano yao ya shughuli bila kupiga kura, na nguzo ya utaratibu wao ni karani anayeandika uamuzi na kuusoma mbele ya wote, nao wakauthibitisha au kuusahihisha kabla ya kuendelea. Katibu wa kikundi cha akiba anaweza kufanya hivyo bila gharama yoyote. Magomvi mengi ninayoyajua hayakutokana na watu kukataa walichokubali. Yalitokana na kila mtu kwenda nyumbani na tafsiri yake, na kumbukumbu zikaletwa mwezi mmoja baadaye wakati hakuna anayekumbuka.

Muhimu kuliko yote hayo ni kuandika kitakachotokea maafikiano yakishindikana. Ninapendekeza mikutano miwili ya kutafuta kauli moja. Ya tatu, robo tatu ya wanachama watoshe kupitisha. Kikomo hicho kinamnyima mgumu mmoja uwezo wa kuwashika wenzake milele, na wakati huohuo kinawalazimisha walio wengi kumsikiliza kwa dhati mara mbili. Yule aliyezidiwa kwa robo tatu katika jambo zito apewe mlango wa kutokea kwa heshima: hisa zake zithaminiwe kwa hesabu za mwisho zilizokaguliwa, alipwe kwa awamu ndani ya muda uliotajwa, na jina lake liondolewe kwenye dhamana kabla mkopo mpya haujasainiwa. Kipengele hicho cha mwisho wakipitishe na benki mapema, kwa sababu benki ndiyo itakayoamua kama inakubali dhamana ipungue mtu mmoja, na ikikataa ni lazima kikundi kijue hilo kabla ya kuhesabu nani yuko upande gani.